Usiwakaange Wadudu wa Udongo Kabla Hujawahesabu

Udongo wangu wa kwanza niliuchimba kwenye shamba la kahawa, miteremko ya Mlima Elgon. Niliutia kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, nikaufunga nyuma ya bodaboda hadi Mbale, jua la saa saba. Usiku nikauweka kwenye faneli yenye chupa ya spiriti chini yake, nikawasha balbu ya wati 100 juu, ili wadudu wadondoke niwahesabu. Asubuhi kwenye spiriti mlikuwa na tope na sisimizi wawili. Nikamwambia mzee mwenye shamba kwamba udongo wake umekufa, naye akaniamini. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu niliyewaua ni mimi.

Faneli hii, aliyoianzisha mtaalamu wa wadudu Berlese huko Italia mwaka 1905, kisha mwenzake Tullgren wa Uswidi akaitia balbu mwaka 1918, inamtaka mdudu atembee mwenyewe. Udongo unakauka kuanzia juu, naye anafuata unyevu chini hadi anadondoka. Ukikausha kwa pupa, kolembola, wadudu wadogo wa udongo wenye ngozi laini, wanafia njiani.

Siku hizi nachimba alfajiri kwa kopo la kipenyo cha sentimita 5, nasafirisha ndani ya boksi lenye gunia bichi. Siufikichi udongo. Naulaza kichwa chini juu ya wavu, upande wenye majani ukitazama faneli, maana huko ndiko vinjia ni vipana. Udongo usiguse ukuta wa faneli: ukuta ukitoa jasho, utitiri hunasa kwenye matone. Chupa ya spiriti ya asilimia 70 naiweka mwisho, chembe zikishaacha kudondoka. Siku ya kwanza hakuna taa. Halafu wati 25, siku sita au saba. Umeme ukikatika, ongeza siku, usiongeze wati.

Kuhesabu kunataka subira zaidi. Chora mistari chini ya sahani ya kioo, pita mstari kwa mstari kwa hadubini. Anza na uso wa spiriti, kolembola huelea. Utitiri wa kahawia unafanana sana na mchanga; usukume kwa sindano hadi uone miguu. Kila kumi nasogeza harage moja. Kwa kopo langu, hesabu huzidishwa kwa 509 kupata mita moja ya mraba, kwa hiyo ukiruka mmoja umepoteza mia tano.

Mvua zilipoanza nilirudi kwa yule mzee, nikamwomba radhi, nikachimba tena palepale. Kopo la kwanza lilitoa maharage tisa na utitiri watatu.