Maswali na Majibu: Sifa ya Chuo Kikuu Ipewe Uzito Gani Wakati wa Kuomba Udahili?

SWALI: Shikamoo. Nimehitimu kidato cha sita mwaka huu kwa tahasusi ya PCM, na nimepata C katika Fizikia, C katika Hisabati ya Juu na D katika Kemia. Ninaishi Kibakwe, wilayani Mpwapwa, na ninataka kusomea uhandisi wa maji. Baba anasisitiza niombe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam peke yake, kwa kuwa ndicho kikongwe na kina jina. Mwalimu wangu wa Fizikia ananielekeza Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Rafiki yangu naye amenionyesha kwenye simu orodha za ubora wa vyuo vikuu duniani, na kila orodha inasema lake. Je, sifa ya chuo ina uzito gani hasa, na mtu kama mimi anaweza kuipimaje?
Mwombaji, Kibakwe

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa ufaulu wako. Nimefanya kazi ya udahili na ushauri wa taaluma kwa muda mrefu, na swali lako ni miongoni mwa yale ambayo waombaji wengi huyauliza wakiwa wamechelewa, baada ya kuthibitisha chuo na kulipa ada. Afadhali wewe umeuliza mapema.

Nianze na baba yako, kwa sababu hoja yake haistahili kupuuzwa. Lisemwalo lipo. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970, na kitivo chake cha uhandisi kikafunguliwa mwaka 1973. Chuo kilichotoa wahandisi kwa zaidi ya nusu karne kina wahitimu wake katika wizara, mamlaka za maji, kampuni za ushauri na za ukandarasi, na mtandao huo humfaa kijana anayetafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo au mhandisi mkubwa wa kumsimamia. Hiyo ni faida halisi, na mzee ameiona. Lakini sifa ya namna hiyo ni ya chuo kizima na imejengwa na watu wa nyakati tofauti, wengi wao wakiwa wamekwishastaafu, ilhali wewe utasoma programu moja, kwa miaka minne, mbele ya wahadhiri waliopo sasa. Kwa hiyo kila unaposikia kwamba chuo fulani kina jina, uliza mambo matatu: jina hilo limetokana na nini, linatolewa na nani, na ni la lini.

Maswali hayo hayo ndiyo yanayofumbua zile orodha ulizoonyeshwa. Hazipingani kwa bahati mbaya. Zinapima vitu tofauti. Orodha ya QS ya vyuo vikuu duniani, tangu ilipobadilisha vigezo vyake katika toleo la 2024, huipa asilimia 30 ya alama sifa ya chuo miongoni mwa wanataaluma na asilimia 15 sifa yake miongoni mwa waajiri, na zote mbili hupatikana kwa dodoso. Yaani karibu nusu ya alama ni maoni ya watu waliojaza fomu, na mtu huwa mwepesi wa kutaja chuo alichokwisha kukisikia. Orodha ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, huweka asilimia 30 kwenye tuzo za Nobel na medali ya Fields ya hisabati walizopata wahitimu na wahadhiri wa chuo, kigezo ambacho hakikuambii lolote kuhusu maabara ya haidroliki, yaani ya mwendo wa maji, ya Morogoro wala ya Dar es Salaam. Webometrics ya Hispania, ambayo ndiyo inayosambazwa zaidi hapa kwetu kwa kuwa huorodhesha vyuo vingi vya Afrika, kwa miaka mingi imeipa asilimia 50 idadi ya tovuti za nje zinazounganisha na tovuti ya chuo. Chuo chenye tovuti nzuri na machapisho mengi yaliyowekwa wazi hupanda, na chuo kinachofundisha vizuri lakini kimezembea tovuti yake hushuka.

Sisemi kwamba orodha hizo ni za uongo. Zinamfaa mtu anayetafuta chuo cha kufanyia utafiti wa uzamivu, au serikali inayotaka kulinganisha utafiti wa nchi yake na wa nchi nyingine. Kwa mwombaji wa shahada ya kwanza ya uhandisi wa maji hapa Tanzania zina upungufu mkubwa: hazikufiki mahali ulipo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Chuo cha Maji kilichopo Ubungo, chini ya Wizara ya Maji, ambacho watu wa zamani bado wanakiita Rwegarulila. Kwa kuwa si chuo kikuu, huwezi kutarajia kukikuta katika mashindano hayo ya dunia. Hata hivyo ingia ofisi yoyote ya maji nchini, uliza mafundi sanifu na wahandisi wamepita wapi, nawe utalisikia jina hilo. Kinatoa pia shahada ya uhandisi wa rasilimali za maji na umwagiliaji. Mtu aliyechagua kwa orodha ya simu asingejua hata kwamba kipo.

Kuna kosa jingine ambalo ningependa uliepuke, nalo ni kudhani kwamba programu yenye ushindani mkubwa ndiyo bora. Fungua mwongozo wa udahili ambao Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, huutoa kila mwaka kwa wahitimu wa kidato cha sita. Utakuta kila programu imeandikiwa sifa za kujiunga, alama za chini, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Waombaji husoma sifa za kujiunga na kuiruka safu ya nafasi, nayo ndiyo inayoeleza mengi. Programu yenye nafasi chache katika chuo chenye jina itajaa kwa alama za juu hata kama mafunzo yake ni ya kawaida, kwa sababu watu wengi wamekimbilia jina hilo. Na programu nzuri yenye nafasi nyingi katika chuo kisichotajwa sana inaweza kukupokea bila msukosuko. Alama za waliochaguliwa hupima wingi wa waombaji kuliko ubora wa mafunzo. Usiniulize kwa nini wazazi na hata walimu huvichanganya vitu hivi viwili. Nimelieleza jambo hili mara nyingi na bado linarudi.

Sasa nije kwenye mambo ambayo kwa fani yako yana uzito kuliko sifa ya aina yoyote. La kwanza ni uhalali wa programu yenyewe. Usitosheke kujua kwamba chuo kimesajiliwa. Hakikisha programu unayoiomba imo katika mwongozo wa mwaka huu, kwa jina lile lile. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na katika vyuo vingine ikazuia programu moja moja huku programu nyingine za vyuo hivyo hivyo zikiendelea kama kawaida. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba chuo kinaweza kuwa na heshima yake huku programu moja ndani yake ikiwa na kasoro.

La pili ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa Sheria Na. 15 ya mwaka 1997. Ukimaliza shahada hutaruhusiwa kujitambulisha na kufanya kazi kama mhandisi bila kusajiliwa na Bodi hiyo, kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha, baada ya kipindi cha mafunzo kazini chini ya usimamizi ambacho kwa kawaida ni miaka mitatu, kama mhandisi mtaalamu. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada ya maombi, waulize Bodi kama shahada unayoikusudia, kwa jina lake kamili na chuo chake, inakubalika kwa usajili. Makao yao yapo Dodoma, na swali hilo hujibiwa. Likijibiwa kwamba haikubaliki, chuo kiwe na jina la kufika mbinguni, hakikufai.

La tatu ni namna ajira zinavyopatikana. Soma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa nafasi za wahandisi wa maji. Yanataja shahada na fani, na mara nyingi usajili wa Bodi. Hayasemi mwombaji awe ametoka chuo gani. Baada ya hapo unaitwa kwenye usaili wa kuandika, na karatasi ile inamtaka mhitimu wa Mlimani, yaani wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wa Morogoro wakokotoe mtiririko ule ule. Katika kampuni binafsi hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa mwenye kampuni humwita kwanza kijana wa chuo alichosoma yeye, na hapo hoja ya baba yako inapata nguvu. Uzuri wako ni kwamba unaishi mkoa wenye Wizara ya Maji, wakala wa maji vijijini RUWASA, Tume ya Taifa ya Umwagiliaji na mamlaka ya maji ya jiji, DUWASA. Siku ukija mjini, wasalimie wahandisi vijana wa ofisi mojawapo kati ya hizo na uwaulize: katika miaka hii mitatu au minne, vijana waliokuja kufanya mafunzo kwa vitendo hapa na kuonekana wamejiandaa wametoka programu gani? Maoni ya mtu aliyewasimamia wanafunzi hao kwa macho yake ni sifa unayoweza kuitegemea.

Baada ya hayo, tazama ndani ya programu. Omba mtaala na uhesabu masomo yanayogusa maji moja kwa moja: haidrolojia, haidroliki, maji chini ya ardhi, usanifu wa mifereji na mabwawa, usafishaji wa maji. Kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu, si wa mwaka wa kwanza ambaye bado hajayaona mengi, na umuulize maswali madogo yasiyojibika kwa sifa tupu. Ule mfereji wa majaribio wa maabara, mara ya mwisho maji yalipita ndani yake lini? Wanafunzi wangapi husimama kwenye kifaa kimoja wakati wa zoezi, na nani hushika mita ya kupimia kasi ya maji, mwanafunzi au fundi wa maabara huku wengine wakinakili namba? Ripoti ya mafunzo kwa vitendo husomwa na kurudishwa ikiwa na maandishi ya mhadhiri, au hurudi na alama tu? Mwanafunzi akikujibu papo hapo kwa mifano, programu hiyo iko hai. Akianza kukusimulia ukubwa wa majengo, endelea kuuliza. Kutoka Dodoma hadi Morogoro kwa treni ya SGR unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na nauli hiyo ni ndogo ukiilinganisha na ada ya mwaka mmoja wa programu usiyoitaka.

Ukifanya hivyo utagundua kwamba baba na mwalimu wako hawabishani juu ya chuo bora, bali wanakuonyesha njia mbili. Sokoine kilianza kama kitivo cha kilimo mwaka 1969 kikiwa sehemu ya chuo cha Dar es Salaam, na kikawa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 1984; shahada yake ni ya uhandisi wa umwagiliaji na rasilimali za maji, na asili hiyo ya shamba imo ndani yake. Dar es Salaam, idara ya uhandisi wa rasilimali za maji imekulia ndani ya ndaki ya uhandisi, karibu na ujenzi na miundombinu. Jiulize ni maji yapi yanayokuvuta. Kama ni skimu za umwagiliaji, mabwawa ya vijijini na mito ya msimu kama Kinyasungwe unayoifahamu kwenu, mwalimu wako ana hoja nzito. Kama ni mabomba ya mijini, matangi na miradi mikubwa ya kusambaza maji, pendekezo la baba yako lina mantiki zaidi. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kiko karibu nawe zaidi na kinatoa uhandisi wa fani kadhaa, ukiwamo wa madini na wa kompyuta. Kitazame katika mwongozo kwa kigezo hicho hicho cha programu, usikiweke wala usikiache kwa sababu ya ukaribu peke yake.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo huangalia uhitaji wa mwombaji na programu anayosoma, hivyo jina la chuo halikuongezei nafasi ya kuupata. Gharama za kuishi Dar es Salaam na Morogoro zinatofautiana. Zizungumze na baba kwa uwazi kabla ya kuomba.

Kwa ufaulu wako wa C mbili na D moja, nisingekushauri kuomba chuo kimoja tu. Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja kwenye kila chuo, na hakuna kinachokuzuia kuomba Dar es Salaam, Sokoine na Chuo cha Maji katika dirisha moja. Katika kila chuo panga programu kwa mfuatano wa unavyozitaka: ya maji kwanza, kisha ile ya karibu nayo ambayo ungeikubali kwa moyo mweupe. Sifa ya jumla ya chuo itumie mwishoni, pale programu mbili zitakapokuwa zimelingana katika uhalali, usajili wa Bodi, mtaala na mafunzo kwa vitendo. Hapo ichague ile ya chuo chenye jina, na baba yako atakuwa amesikilizwa.

Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, utatakiwa kuthibitisha kimoja tu kwa msimbo utakaotumiwa, ndani ya muda uliotangazwa. Kabla ya kuuingiza msimbo huo, soma tena jina la programu uliyopewa, kwa sababu wapo wanaofurahia jina la chuo na kuthibitisha haraka, wakaja kugundua siku ya kuripoti kwamba waliomba maji na wamepangiwa fani nyingine kabisa.