Nasi goreng kali huanzia kwenye kinu

Wengi wanaojaribu kupika nasi goreng nyumbani, ule wali wa kukaanga wa Indonesia, huupitisha wali kwenye mafuta, wakamimina soya sosi, kisha wakanyunyiza pilipili ya unga ili uwe mkali. Ukali wa namna hiyo hukaa juujuu: unachoma ulimi lakini hauna harufu wala utamu. Pilipili inatakiwa isagwe pamoja na viungo vingine, ikaangwe mpaka iive, ndipo wali uingie. Mengine yote nitakayosema yanafuata hapo.

Upishi huu niliupata Muscat, kwa dada mmoja wa kutoka Java ambaye tulikuwa tukipika naye jiko moja. Alikuwa na cobek, kinu cha jiwe kilicho bapa, na mchi wake mfupi uliopinda. Alisaga kwa kuburuta mchi huku na huku, hakutwanga, na rojo lake lilibaki na chembechembe. Kinu chetu cha kawaida kinatosha. Ukitumia blenda, usitie maji, tia mafuta kidogo ili kisu kizunguke. Rojo lenye maji litachemka tu, halitakaangika.

Kwa watu wawili mimi husaga vitunguu vyekundu vidogo vitano, punje tatu za kitunguu saumu, pilipili nyekundu ndefu mbili kwa ajili ya rangi, na pilipili kichaa nne au tano kwa ajili ya ukali. Pilipili mbuzi siishauri hapa, kwa kuwa harufu yake ina nguvu na itafunika kila kitu. Ukitaka kupunguza makali, kwangua ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu. Ukali mwingi umo humo kuliko kwenye mbegu zenyewe.

Kisha kuna terasi, na hapa nakuomba usipite haraka. Ni uduvi uliochachushwa na kukandwa ukawa kipande kigumu cheusicheusi, wenye harufu inayoweza kumkimbiza mgeni jikoni. Kipande kidogo tu, cha ukubwa wa kucha, huchomwa kwanza kwenye kikaangio kikavu, halafu husagwa na vile viungo. Bila terasi utapata wali mzuri wa pilipili, lakini mtu wa Java hatautambua. Walioko Ghuba na Ulaya wataipata kwenye maduka ya vyakula vya Asia, au belacan ya Malaysia ambayo ni ndugu yake. Walioko Dar au Mombasa wachukue uduvi mkavu wa sokoni, kijiko kikubwa kimoja, waukaange bila mafuta mpaka unukie, wausage. Haujachachushwa, kwa hiyo ladha haifiki kule kule, ila inakaribia sana.

Wali uwe wa jana, uliopoa. Wanga wa wali ukikaa kwenye baridi hukakamaa, na punje zikiguswa na moto huachana. Wali wa moto hugeuka bokoboko. Mchele wa Kyela au wa Mwea unafaa sana, upikwe kwa maji pungufu kidogo na bila nazi. Lakini tafadhali, kiporo kisilale mezani. Kuna bakteria wa wali wanaotoa sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto. Utandaze kwenye sinia, mvuke ukiisha uingize kwenye friji ndani ya saa moja. Asiye na friji aupike siku hiyo hiyo, autandaze, aupepee mpaka upoe kabisa, kisha aukaange.

Sasa moto. Pasha karai, tia vijiko vitatu vikubwa vya mafuta, weka rojo lako, moto wa wastani. Fungua madirisha, maana moshi wa pilipili unakohoza nyumba nzima. Koroga dakika nne au tano, rangi iive, harufu ya kitunguu kibichi iishe, mafuta yajitenge pembeni. Usiharakishe. Kiini cha ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, kwa hiyo mafuta hayo ndiyo yatakayoufikisha ukali kwenye kila punje. Ukiwa na kuku au kamba waliokatwa vipande vidogo, watie hapa waive.

Ongeza moto, tia vikombe vitatu vya wali, vunja mabonge kwa mgongo wa mwiko. Usizidishe wali: majiko yetu ya nyumbani hayana moto wa wachuuzi wa Jakarta, na karai likijaa wali hutoa jasho. Wageni wakiwa wengi, kaanga mafungu mawili.

Mwisho mimina vijiko viwili vya kecap manis, soya sosi nzito ya Indonesia yenye sukari ya mnazi au ya miti mingine ya jamii yake. Imimine kwenye ukingo wa karai ili iungue kidogo kabla ya kugusa wali. Ukiikosa, chemsha soya sosi na sukari guru kiasi sawa kwa sawa, moto mdogo, mpaka iwe nzito. Onja kabla ya kuongeza chumvi. Mara nyingi haihitajiki.

Kaanga yai kando, kiini kibaki laini na ukingo ukauke, liweke juu. Pembeni weka vipande vya tango na nyanya, na vitunguu vya kukaanga vya kunyunyizia. Kama kuna watoto, gawa rojo kabla hujatia pilipili kichaa, uwakaangie wali wao kwanza. Na mgeni akizidiwa na ukali, mpe maziwa au mtindi. Maji yatausambaza tu mdomoni.