Hospitali kwanza, halafu polisi: maneno yangu kwa wa mwaka wa kwanza

Mnapofika chuoni na masanduku yenu kuna mtu wa kuwaonyesha maktaba, kantini na dirisha la kulipia karo. Njia ya kwenda kuripoti kwamba mwanafunzi mwenzio au mwalimu amekubaka, au amekushikashika kwa nguvu, hakuna anayekuonyesha. Mimi niliijua kwa kumsindikiza mwenzangu wa chumba tukiwa mwaka wa pili. Baadaye nikachaguliwa kushughulikia ustawi wa wanafunzi, nikawasindikiza wengine kadhaa.

Na huyo mwenzangu tulikosea tangu mwanzo. Jambo lilimpata Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi tulimpigia simu mlezi wa wanafunzi, akatwambia tutulie hadi Jumatatu ili tulizungumze kwa utaratibu. Tukatulia. Jumatatu yenyewe alikuwa mkutanoni. Kumbe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ni lazima zianzwe ndani ya saa 72, kisha zimezwe siku 28 mfululizo, na vidonge vya kuzuia mimba vinafaa hadi saa 120, ingawa ukiwahi ndio bora zaidi. Utaratibu wa chuo hauhesabu saa hizo. Kwa hiyo nenda hospitali usiku huohuo, hata kama bado hujaamua kushtaki. Pale Makadara, hospitali kuu ya Pwani hapa Mombasa, kuna kitengo cha waliodhulumiwa kijinsia, na huhitaji barua ya polisi ndipo utibiwe. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya, ya 2006, inasema matibabu ya aliyetendewa ni bure katika hospitali ya umma. Ukidaiwa pesa, taja sheria hiyo, tena kwa upole. Mara nyingi aliye dirishani haijui tu.

Usioge kabla ya kwenda. Najua ni jambo zito kumwambia mtu wa Mombasa, tena mwenye maumivu yale, akae na jasho la usiku kucha. Ukishaoga, nenda vilevile. Nguo ulizokuwa umevaa usizifue, na usizitie kwenye nailoni. Kwa unyevu wa huku kwetu, dera likifungwa kwenye plastiki siku mbili linaota ukungu, na ushahidi unaoza nalo. Zifunge kwa gazeti au bahasha ya khaki, kila nguo peke yake.

Daktari atajaza fomu wanayoiita PRC, yaani ya huduma baada ya kubakwa, ya nakala tatu: moja ya polisi, moja yako, moja inabaki hospitali. Ile yako iombe papo hapo na uipige picha kabla hujatoka getini. Mwenzangu alipewa yake wiki ya pili, baada ya kuifuata mara tatu.

Kituoni ulizia dawati la jinsia, na kama unataka ofisa mwanamke, sema. Ofisa wa kwanza tuliyemkuta kaunta alituangalia, akauliza kama kijana aliyemtendea mwenzangu ni mpenzi wake. Akasema basi malizaneni hukohuko chuoni. Siku zile niliogopa nikanyamaza. Sasa najua kwamba kazi yake pale ni kuandika kwenye kitabu cha matukio, OB, na kukupa namba, yaani namba ya tukio pamoja na tarehe. Usiondoke bila hiyo namba. Bila hiyo, kwa polisi ni kama hukufika. Hapo ndipo utapewa fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza alichokiona mwilini mwako, uirudishe kwa daktari, nayo haiuzwi.

Kisha linakuja la maelezo, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mwenzangu alieleza kwa Kiswahili, ofisa akawa anaandika kwa Kiingereza. Alipomaliza akasukuma karatasi mbele yake: tia sahihi hapa. Nikamwomba kwanza tuisome. Mwenzangu alisema "alinivuta mkono hadi ndani." Kilichoandikwa ni kwamba walienda chumbani pamoja. Ofisa hakuwa na nia mbaya, nadhani alichoka tu na alikuwa akifupisha. Lakini wakili wa mshtakiwa angelifurahia sana neno lile. Ilifutwa, ikaandikwa upya, na hilo neno moja lilitugharimu dakika arubaini za kubishana. Soma kila mstari, na usichokielewa usomewe.

Kuhusu walimu wanaotaka mwili ili watoe alama: kifungu cha 23 cha Sheria hiyohiyo ya Makosa ya Kingono kinamhusu mwenye mamlaka anayesisitiza kumtaka mtu hali anajua hatakiwi, na adhabu yake si chini ya miaka mitatu jela au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Tazama neno kusisitiza. Maana yake mara moja huenda isitoshe, ndiyo maana nawaambia muwe na daftari: tarehe, saa, mahali, alichosema, nani alikuwa karibu. Jumbe za WhatsApp usizifute kwa hasira. Piga picha ya skrini, na simu yenyewe usiiuze.

Nyumbani nako kuna lake. Sisi watu wa Pwani tuna neno sitara, na ni neno zuri, lakini nimeona likitumiwa kumsitiri mkosaji. Wazee wa pande mbili wanakaa, kahawa inapita, mtu anatoa fungu la pesa au, Mungu aniepushe, anajitolea kuoa. Mkishafika polisi, uamuzi wa kusimamisha kesi si wa baba wala wa mjomba, ni wa mkurugenzi wa mashtaka. Waambie hivyo, kwa heshima zote: "Mjomba, hili limeshatoka mikononi mwetu." Nimeona sentensi hiyo ikimwokoa msichana na kelele za sebule nzima.

Wavulana, nanyi ni vilevile. Sheria haikuandikwa kwa wasichana peke yao.

Na hata kama hakuna aliyeona, usikate tamaa. Katika makosa haya mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli na ikaandika sababu zake.

Kesi inachukua muda, tena sana. Mpelelezi anahamishwa, shahidi anamaliza masomo na kurudi kwao Taita. Weka namba ya OB, namba ya faili na fotokopi za kila fomu kwa watu wawili unaowaamini, mmoja asiwe wa chuoni. Mwaka 2022 Jaji Mkuu Martha Koome alizindua Shanzu mahakama maalumu ya kesi za dhuluma za kijinsia, ya kwanza nchini. Kesi yako ikipangwa huko na unatoka kisiwani, shika matatu ya Mtwapa mapema, kabla foleni ya Nyali haijafunga, na usiende peke yako. Mimi namba yangu iko kwa mlinzi wa hosteli ya wasichana.