Gari ya rimoti inakatakata? Pima umeme kabla hujaagiza rimoti mpya

Mwenye gari ya rimoti, nazungumzia hizi za hobi zenye servo (kimota kinachokata kona), ESC (kinachodhibiti mwendo wa mota) na risiva (inayopokea signo ya rimoti) kila kimoja peke yake, sio toi za watoto, hili litamkuta tu. Gari iko mbio ghafla haisikii, au tairi zinajikunja zenyewe kulia, au inazima kidogo halafu inarudi kama hamna kilichotokea. Hapo wengi wanasema redio imekufa. Wanaagiza rimoti na risiva mpya, mzigo unakaa njiani wiki na wiki, ukifika wanafunga, na tatizo liko pale pale.

Mi kwa magari yaliyopita mikononi mwangu, yangu na ya washkaji wanaoniletea, redio ndo kitu cha mwisho kukituhumu. Rimoti za 2.4 GHz zinahamahama masafa zenyewe na risiva inaisikiliza rimoti yake tu iliyobaindiwa nayo, yaani iliyounganishwa nayo, kwa hiyo mwenzio akiwasha ya kwake pembeni haikusumbui kirahisi. Zile za 27 MHz ndo zilikuwa kazi, masafa sita tu kuanzia 26.995 mpaka 27.255, kila moja na kristali yake na rangi yake, mkiwa wawili wenye rangi moja mmoja anasubiri. Kama gari yako bado ni ya hizo na ina ule waya mrefu wa antena basi usiukate, usiuviringishe ukaufungia ndani ya chasisi, upandishe kwenye kijiti chake mbali na mota. Mengine yote nayosema chini yanakuhusu na wewe.

Sasa tuje kwenye umeme manake hapa ndo penyewe. Risiva haina betri yake, inakula kwa ESC kupitia ule waya mwekundu wa katikati kwenye plagi ya nyaya tatu. Ndani ya ESC kuna BEC inayoshusha volti za betri kubwa mpaka 5 au 6 hivi, na servo nayo inakula hapo hapo. Servo ikitembea bila mzigo inavuta kidogo sana, ila tairi zikibanwa na jiwe au mchanga inavuta ampea kibao kwa mara moja, BEC ndogo inashindwa, volti zinaanguka, risiva inajizima na kuwaka upya. Wewe uliyesimama na rimoti unaona signo imepotea, kumbe signo ilikuwepo muda wote, aliyekosekana ni wa kuipokea.

Kulijua hili huhitaji kifaa chochote. Toa bodi ya juu, washa rimoti kwanza halafu gari, iache gari chini na tairi zake za mbele kwenye zulia au sakafu yenye kushika, kisha kata usukani kulia kushoto kwa nguvu huku macho yako yako kwenye kile kitaa kidogo cha risiva. Usiangalie tairi, angalia taa. Ikibaki imetulia, umeme uko sawa. Ikififia kila servo inapokaza, au ikizima na kuanza kupepesa kama ndo kwanza imewashwa, umeshampata mwizi wako na redio haimo. Ukitaka uhakika zaidi chukua kile kiboksi cha betri nne za AA, kichomeke kwenye soketi ya betri ya risiva, ila kabla hujafanya hivyo toa pini nyekundu ya plagi ya ESC kwa sindano uifunge selotepu, maana vyanzo viwili vya umeme visikutane. Rudia jaribio. Kama tatizo limepotea, BEC yako haitoshi kwa servo uliyofunga, na hii naiona sana kwa watu walionunua servo kubwa yenye nguvu ya kilo 20 au 25 wakaifunga kwenye ESC iliyokuja na gari.

Dawa yake inategemea. Kuna kapasita ya 4700 µF, chukua ya volti 16, inafungwa kwenye plagi ya servo na kuchomekwa kwenye chaneli (tundu la plagi) iliyo wazi ya risiva, inasaidia zile sekunde ndogo za kuanguka kwa volti. Fundi redio yeyote mtaani anayo au anaitoa kwenye saketi ya zamani, angalia tu upande wa negativu usigeuze, ikigeuzwa inapasuka. Ila kapasita haiongezi nguvu ya BEC, kama servo inabanwa muda mrefu utahitaji BEC ya nje inayochukua moja kwa moja kwa betri kubwa.

Na kabla ya hivyo vyote sikiliza servo. Kata kona mpaka mwisho, acha hapo. Ikiwa inalia nnnnn bila kunyamaza maana yake inasukuma kitu ambacho kimeshafika mwisho, inakula umeme bure na inajichoma. Ingia kwenye EPA ya rimoti, yaani mpangilio wa servo iishie wapi, upunguze mpaka ule mlio ukate. Bure kabisa, na kuna magari yamepona kwa hapo tu. Pia chomoa mkono wa servo uzungushe tairi kwa kidole, ukikuta nzito kuna mchanga kwenye viungo au bearing imeshika kutu.

Nikiongelea kutu, sisi wa pwani tuna shida yetu. Ukichezea gari ufukweni, hata kama hujaingia kwenye maji, chumvi inakaa. Nimeshachomoa plagi ya servo kwa nje ni safi inang'aa, ndani ya kale kashimo kadogo ka shaba kuna unga wa kijani. Gari ilikuwa inapoteza usukani kila ikiruka tuta tu, ikitembea pasafi haina neno. Kutambua ni rahisi, nyanyua gari tairi zisiguse, washa, kisha tikisa plagi moja moja na vuta waya taratibu kidogo kidogo, ukifika kwenye mbovu utaona servo inastuka. Safisha kwa spirit na brashi ya meno, acha ikauke vizuri. Waya uliokatikia ndani ya ganda hutauona kwa macho, ila ukiukunja utausikia umelegea sehemu moja kuliko kwingine.

Kama gari inakata pale tu unapoipa moto, usukani hauhusiki, hiyo nenda kwenye betri. LiPo (betri ya lithiamu) ya seli mbili ikijaa ni volti 8.4, na ESC nyingi zinakata au zinapunguza nguvu seli ikishuka kwenye 3.2 hivi mpaka 3.4. Betri iliyochoka ukiipima imetulia inasoma vizuri, ukivuta triga ya kuongeza mwendo inaporomoka, kwa hiyo pima ikiwa kwenye mzigo. Halafu angalia ile jampa, kile kiplastiki kidogo cha kuchomeka, ya kuchagua aina ya betri kwenye ESC. Ukitumia NiMH, betri ya nikeli, ya volti 7.2 huku jampa iko kwenye LiPo, gari itakukatia mapema ukadhani mbovu. Kinyume chake ni mbaya zaidi, LiPo kwenye mpangilio wa NiMH inashushwa mpaka inakufa au inavimba, na ikivimba usiichaji tena jamani, hizi zinawaka moto kweli.

Mota za brashi nazo zina lao. Brashi zinatoa cheche, cheche ni kelele za redio. Ndo maana mota nzuri ina vikapasita vitatu vya 104 (yaani 0.1 µF), kimoja kati ya nguzo mbili, viwili kila nguzo kwenda kwenye bodi ya mota. Ukinunua mota mpya ikaja mikono mitupu, vichomelee. Kimoja kikikatika mguu utaona servo inatetemeka kila mota ikizunguka, na ukizima mota inatulia.

Ukishapita huko kote na bado, ndo sasa nakuruhusu kuishuku redio. Badilisha plagi, ya servo iende chaneli ya 2 na ya ESC iende chaneli ya 1. Nyanyua gari kwanza! Maana sasa usukani wa rimoti ndo utazungusha mota na triga ndo itakata kona. Kama servo bado inazingua ikiwa chaneli ya 2, servo ndo mbovu. Kama servo imepona na sasa mota ndo inajiendea ovyo, ubovu uko kwenye risiva au rimoti, na hapo baindi upya, badilisha betri za rimoti, na tazama antena ya risiva. Kwenye 2.4 GHz kipande kinachofanya kazi ni zile milimita 31 za mwisho tu, kikiwa kimekatika au kimelala juu ya betri au bamba la kaboni umbali wa kufika signo unapungua sana, kisimamishe juu.

Kitu kimoja naomba usikiruke hata kama gari yako haina tatizo lolote leo, failsafe, yaani mpangilio wa gari kusimama yenyewe ikikosa signo. Gari ya 1/8 (moja ya nane ya gari halisi) ikikosa signo ikiwa na moto ndani inavunja mguu wa mtoto. Nyanyua gari, vuta triga kidogo mota izunguke, kisha zima rimoti. Mota inatakiwa isimame papo hapo. Ikiendelea kuzunguka usiitoe nje, washa rimoti tena, acha triga katikati au sukuma breki kidogo, shikilia kitufe cha risiva kama kijikaratasi chake kinavyoelekeza, halafu zima rimoti tena uone. Na kila ukibaindi upya rudia, maana risiva nyingi zinahifadhi failsafe wakati huo huo wa kubaindi, kama triga ilikuwa imeshikwa na kidole chako basi ndo hiyo imeandikwa.