Ishushwe, au Iwashiwe Taa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu aliyetundika bendera ya taifa nyumbani kwake, afanye nini giza likiingia? Mimi ni Mtanzania ninayeishi Minneapolis, Marekani, na nyumba niliyonunua niliikuta na mlingoti mbele ya kibaraza, ambao napeperushia bendera ya Marekani. Kwa maoni yangu, bendera ama ishushwe, ama iwashiwe taa. Kuiacha gizani ni kuitelekeza.

Nimekulia jirani na kituo cha polisi. Saa kumi na mbili jioni filimbi ikilia, njia nzima ilisimama: mama na ndoo yake kichwani, mwenye baiskeli mguu mmoja chini, sisi watoto na mpira wa makaratasi kwapani. Askari aliishusha bendera polepole, filimbi ikalia tena, watu wakaendelea na safari zao. Saa ile ilitutosha kwa sababu jua la kwetu halipishani sana, masika wala kiangazi.

Huku mambo ni mengine. Mwezi Juni jua linazama saa tatu usiku. Desemba, saa kumi na nusu tu limeshazama. Kiangazi cha kwanza nilikuwa naishusha saa kumi na mbili kamili, kwa mazoea, jua likiwa bado linachoma. Mzee wa nyumba ya pili, aliyekuwa mwanamaji, alivuka barabara kuja kuniambia kwa upole kwamba hapa wanafuata jua, hawafuati saa.

Kanuni zao za bendera zilipitishwa na Bunge la Marekani Juni 1942. Zinasema desturi ni kuipeperusha tangu mawio hadi machweo, ila anayetaka ibaki juu saa ishirini na nne anaruhusiwa, mradi imulikwe inavyopaswa wakati wa giza. Raia asiyezifuata haadhibiwi. Ndiyo maana nazipenda: anayezitii ametii kwa hiari. Kuna sentensi moja humo ambayo yule askari wa kwetu angeielewa mara moja: bendera ipandishwe upesi, ishushwe kwa taratibu na heshima.

Sasa hiyo taa. Kanuni hazitaji ukali wake, na hapo ndipo wengi hujiridhisha na taa ya mlangoni au ya barabarani. Mimi hupima hivi: nasimama upande wa pili wa barabara, nikiona nyota na milia bila kukaza macho, taa inatosha. Nikiona kitambaa cheusi kinachopigwapigwa na upepo, haitoshi. Nilianza na taa ya sola iliyochomekwa ardhini chini ya mlingoti. Wakati wa kiangazi ilinifaa sana. Ilipofika Desemba, mchana mfupi na theluji juu ya kioo, ikawa inazimika kabla ya usiku wa manane, nami nimelala nikidhani inawaka. Niliona aibu kweli siku nilipoamka saa tisa usiku nikaikuta bendera gizani, imeganda kwa barafu. Kwa hiyo anayetaka taa avute waya wa umeme, au akubali kuishusha.

Najua India imeamua vingine. Huko raia alitakiwa kuishusha nyumbani jua linapozama, hadi Julai 2022 serikali ilipobadili kanuni ili ipepee mchana na usiku. Nafurahi kwamba watu wa kawaida wamepewa bendera yao. Ila jioni ile ya kuishusha ningeikosa.

Maana kuishusha ni kazi ya watu wawili. Yule mzee alinifundisha: mnaikunja mara mbili kwa urefu, kisha aliyeshika upande wa milia anaanza kukunja pembetatu, moja juu ya nyingine, akimsogelea mwenzake, hadi ibaki buluu na nyota tu. Kanuni hazisemi lolote kuhusu pembetatu hiyo; ni mila tu, na inadumu kwa sababu wazee wanawarithisha vijana.

Siku za kazi za Desemba siipandishi kabisa, kwani giza linanikuta ofisini. Tunangoja Jumamosi. Mwanangu ana miaka tisa, yeye hushika upande wa nyota, na mzee husimama kibarazani kwake hadi tumalize.