Kabla ya kuuliza maksi, fungua daftari

Tangu Januari duka langu la fotokopi halipumui. Wazazi wanaingia na flashi, na simu, na karatasi zilizokunjwa mara nne, na wengi wao wanatafuta kitu kimoja: mitihani iliyopita, kwa ajili ya mtoto aliyeingia Gredi ya 10. Nikiuliza mitihani gani, wananiambia ya KCSE, ule wa kumaliza Kidato cha Nne. Fizikia, Kemia, Biolojia, Hisabati, yote, miaka yote. Natoa kopi, nabana pini, napokea pesa, kwani biashara ni biashara. Ila nami nina mtoto wa Gredi ya 10 nyumbani, binti wa dada yangu, aliyetoka Faza kuja kusoma hapa Amu, yaani mji wa Lamu, akiwa mwanafunzi wa kutwa. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia wale wachache wanaokaa wakasubiri mashine ipoe.

Karatasi zile hazikutungwa kwa ajili ya watoto hawa. KCSE ni mtihani wa mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4, na wa mwisho utafanywa 2027. Watoto wetu ndio waliofungua njia ya mfumo mpya: wao ndio wa kwanza kufanya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, mwaka 2025, na wao ndio wa kwanza kuingia sekondari ya juu mwaka huu wa 2026. Zamani mtoto wa Kidato cha Kwanza alikuwa na wa Kidato cha Pili wa kumwazima madaftari na kumtonya kuwa mada fulani ni ngumu, aianze mapema. Mwaka huu hakuna Kidato cha Kwanza wala cha Pili. Walio juu yao ni wa Kidato cha Tatu na cha Nne, na hao wana silabasi yao. Sisemi karatasi za zamani hazifai kabisa; Hisabati hasa, hesabu ya mabano ni hiyo hiyo. Lakini rundo la kopi lililofungwa kwa uzi na kuwekwa juu ya kabati halijamfundisha mtu.

Na ripoti nayo tusiitegemee mno. Mtoto alikuja na matokeo ya KJSEA yaliyochanganywa: asilimia 60 ni mtihani wa Gredi ya 9, asilimia 20 ni KPSEA, tathmini ya kumaliza shule ya msingi aliyoifanya akiwa Gredi ya 6, na asilimia 20 ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Isitoshe, huko alikotoka Sayansi Jumuishi ilikuwa somo moja. Akichagua mkondo wa STEM, yaani wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, lile somo moja anakuta limepasuka: Fizikia mwalimu wake, Kemia mwalimu wake, Biolojia mwalimu wake. Mzazi aliyezoea kuona kwenye ripoti kuwa mwanawe "amevuka matarajio" anashtuka muhula wa kwanza, na kabla hajauliza kitu keshatafuta twisheni. Ngoja kwanza. Fungua daftari.

Sikusoma Fizikia mimi. Nilichokisoma shuleni nimekisahau kingi, na aljebra ilinipita mbali. Hata hivyo daftari halihitaji uijue aljebra. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana binti yangu huyu ananiletea madaftari yote, tunayafungua juu ya mkeka, na mimi naanza na tarehe. Tarehe zinasema mengi. Ukiona Jumatatu, Jumanne, kisha unarukia Jumatatu nyingine, jua kuna vipindi ambavyo mtoto hakuandika kitu, na mada iliyofundishwa siku hizo ana tundu lake. Pengine aliumwa, pengine mwalimu hakuingia, pengine alikuwepo na akili haikuwepo. Uliza, lakini uliza kwa upole, maana unachotaka ni jibu la kweli. Ukianza kwa ukali utaambiwa "mwalimu hakuja" hadi mwisho wa mwaka.

Baada ya tarehe natazama wino mwekundu. Hapa ndipo pana faida kubwa, na ndipo wazazi wengi wanapopapita. Mkasi mmoja, ile alama ya kosa, si tatizo. Tatizo ni mkasi ule ule, mahali pale pale, wiki baada ya wiki, na chini yake hakuna masahihisho. Katika daftari la Hisabati niliona binti ameandika (x + 3)² halafu mbele yake x² + 9. Mwalimu amepiga mkasi. Ukurasa wa pili, (x + 5)², jibu x² + 25, mkasi tena. Nikarudi nyuma kwenye mfano alioutoa mwalimu ubaoni: pale jibu lilikuwa na vipande vitatu, na majibu ya binti yote yana viwili. Sikujua kwa nini, lakini nilijua kuna kipande kinapotea njiani.

Kesho yake akaja dukani kijana wa Kidato cha Nne kutoa kopi. "Shikamoo mama." Marahaba, nikamwambia, kabla hujaondoka nieleze hili. Akachukua karatasi iliyoharibika mashineni, akageuza nyuma, akachora mraba. Upande mmoja akaugawa: hapa x, hapa 3. Upande wa pili vile vile. Akapiga mistari katikati, mraba ukawa na vyumba vinne. Chumba kimoja x mara x. Kimoja 3 mara 3. Na vile viwili vilivyobaki, kila kimoja 3x. "Hivi viwili, mama, ndivyo watu wanavyovisahau. Ni x² + 6x + 9." Nikaipeleka karatasi nyumbani. Binti alipoiona alicheka, akachukua kalamu akachora mraba wake wa x na 5, akajaza vyumba mwenyewe, akapata 10x ya katikati. Haikuhitaji twisheni ya mwezi mzima. Ilihitaji mtu aone kosa linajirudia, na mtu mwingine alieleze kwa njia nyingine.

Kwa hiyo ukishaliona, usikae nalo. Mwandikie mwalimu wa somo, au mtume mtoto na swali mahsusi: si "sielewi Hisabati", bali "kwenye hesabu hii, mstari huu umetokaje?" Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumjibu asiyeelewa Hisabati yote. Mwenye swali la mstari mmoja atamjibu hata akiwa anatembea kwenda ofisini.

Jambo jingine ni lugha, na sisi wa Amu tulizungumze bila kuoneana haya. Masomo mengi yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mtoto anaweza kukueleza vizuri kabisa kwa Kiswahili kwa nini chombo cha chuma kinaelea na msumari unazama, halafu kwenye karatasi akaandika nusu mstari. Mimi huwa namwambia binti: nisomeshe. Anifundishe kwanza kwa lugha ya nyumbani, mpaka mimi nisiyejua nielewe, kisha akaandike yale yale kwa Kiingereza. Akikwama kunieleza kwa Kiswahili, basi hajaelewa, na Kiingereza hakina lawama. Akinieleza vizuri na kuandika vibaya, hapo shida ni maneno, na maneno yana dawa yake: daftari dogo la msamiati kwa kila somo. Na azoee kuangalia alama zilizo pembeni mwa swali. Swali la "taja" la alama moja na swali la "eleza" la alama tatu hayataki jibu la urefu mmoja.

Wala wasiringe na Kiswahili kwa sababu wamezaliwa nacho. Kiamu chetu ni kitamu na kina washairi wake, lakini anayesahihisha insha anatafuta Kiswahili sanifu, na mtoto wa hapa huandika "ndoo" akikusudia "njoo" bila hata kujua ameteleza. Daftari la Kiswahili nalo lifunguliwe.

Saa za kusoma, kila nyumba na zake. Mwaka huu Ramadhani iliingia Februari, katikati ya muhula wa kwanza, na nilichokiona ni kwamba kusoma baada ya tarawehe ni kujidanganya. Macho yako kitabuni, kichwa kimelala. Baada ya Alfajiri saa moja tu ilitosha. Mchana wa joto la kaskazi, ambaye kwao hakukaliki kwa kelele aende maktaba ya Ngomeni, ndani ya ngome kongwe ya mji. Nje pale kwenye uwanja wa Mkunguni watu wanabishana siasa, ndani ya kuta zile nene kumetulia. Jengo lililowahi kuwa jela limekuwa mahali pa kukimbilia mtoto mwenye wadogo wengi nyumbani.

Kazi za mradi ndizo zinazoniudhi. Saa mbili usiku mzazi ananibishia mlango, kazi inatakiwa kesho, ametumiwa kurasa kutoka intaneti na jamaa yake, anataka zichapishwe kwa rangi. Mtoto mwenyewe yuko nyumbani hajui hata kichwa cha habari. Nachapisha, maana nikikataa atakwenda duka la pili, lakini siku hizi naomba mtoto aje azifuate mwenyewe, na akifika namuuliza inahusu nini. Wengine wameanza kunikimbia.

Nyinyi mlio na watoto wa bweni mtasema, sisi Ijumaa ya mkeka tutaipata wapi? Mnayo likizo fupi, na mnayo siku ya kuwatembelea. Siku hiyo, pamoja na biriani na mahamri, mwambie atoke darasani na daftari la Hisabati na la somo moja analolikimbia. Hilo la pili mwache alichague mwenyewe. Jina atakalolitaja limeshakujibu nusu ya swali. Kaeni chini ya mti, angalia tarehe, angalia wino mwekundu, chagueni kosa moja linalojirudia, na kabla hujaondoka mtafuteni mwalimu wa somo hilo pamoja, mtoto akiwa ndiye anayeuliza. Na akifunga shule asirudi na sanduku la nguo peke yake. Madaftari ni mazito, najua, na kutoka kwenye basi kule Mokowe, upande wa bara, mpaka kwenye boti ni mzigo, lakini ayabebe. Likizo ya Aprili ndiyo ya kuziba matundu ya muhula wa kwanza, na hawezi kuyaziba kama daftari limebaki ndani ya loka.