Usimwambie "vumilia" kabla hujauliza mzigo ni wa nani

Huku Mbeya ukihudhuria sherehe ya kumuaga binti, karibu kila mama anayeshika kipaza sauti atamwambia: "Vumilia mwanangu, mvumilivu hula mbivu." Bwana harusi haambiwi kitu. Nami nimeshika hicho kipaza sauti mara nyingi, na siku hizi nasema "mvumiliane", huku nikiwatazama wote wawili. Hiyo -an- katikati ya neno haimhusu mtu mmoja.

Stahimili tulilipata kwa Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa hamali, yaani mbeba mizigo. Ni neno la kubeba. Hata Waefeso 4:2, wanayoipenda wahubiri wetu, inasema "mkichukuliana katika upendo". Kwa hiyo kabla hujampa mtu nasaha ya uvumilivu, uliza kwanza: upande wa pili nani ameshika?

Tulipokuwa tumepanga Ilomba, mama mmoja alikuwa akisali kwa sauti usiku wa manane, karibu kila siku. Kijana wa chumba cha pili aliamka saa tisa kwenda kupakia ndizi, naye alipasha moto pikipiki chini ya dirisha la huyo mama. Mwenye nyumba akasema, "Vumilianeni." Neno sahihi, ila alimaanisha kijana anyamaze, kwa kuwa mama alilipa kodi mapema.

Nikawashauri wakae, kila mmoja ataje anachoachia. Mama akabakiza mkesha wa Ijumaa, siku nyingine akasali kwa sauti ya chini. Kijana akawa anasukuma pikipiki hadi barabarani. Walivutana sana, maana kijana alitaka na Ijumaa ifutwe. Hakuna aliyebadili dhehebu, na hadi nahama kijana hakuipenda mikesha ile. Hakulazimika kuipenda, wengi hukosea hapo, wakidhani kuvumiliana ni kukubaliana.

Wataalamu wa kilimo pale Uyole husema mbegu fulani inastahimili ugonjwa. Sawa, mbegu haina pa kuhamia. Mtu anapo.

Na kipigo kisiingizwe kabisa kwenye mazungumzo haya. Dada akija kwako uso umevimba, usimtafutie methali. Msindikize kituo cha polisi, ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto, aombe fomu ya PF3 aende nayo hospitali, ili majeraha yaandikwe yakiwa bado yanaonekana.